Kumlilia Kezilahabi

Desturi ya watu wa nchi hizi ni kwamba maiti hasemwi kwa ubaya. Aliyekuwa mkali jana huitwa leo mtu wa msimamo. Aliyekuwa mchoyo huitwa mwangalifu. Na aliyeishi akibishana na kila mtu husifiwa kwamba alipendwa na wote. Desturi hii ina huruma ndani yake, na wafiwa huihitaji. Walakini mwandishi wa vitabu hafi kama watu wengine. Maneno yake hubaki mezani, na sifa ikizidi kipimo huyafunika kama sanda. Profesa Euphrase Kezilahabi alipofariki dunia tarehe 9 Januari, 2020, akiwa na umri wa miaka 75, aliitwa nguli, aliitwa gwiji, aliitwa baba wa riwaya ya kisasa. Hakuna jina lililokuwa la uongo katika majina hayo, na hakuna hata moja lililomsaidia mtu ye yote kumsoma.

Msomaji aweza kuuliza: Kuna ubaya gani mwalimu akasifiwa na wale aliowafundisha? Hakuna ubaya. Vizazi vya wanafunzi vilipita mikononi mwake katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na vingine baadaye katika Chuo Kikuu cha Botswana, na mwanafunzi asiyemlilia mwalimu wake hana shukrani. Dosari iko kwingine. Sifa zile zilimfanya mzee wa amani, ambaye alikuwa ameshinda ugomvi wake wote na kupumzika. Kumbe ugomvi wake haujakwisha. Ushairi wa Kiswahili ungali umegawanyika mahali pale pale alipoupasua. Riwaya zake za mwisho zingali zinasifiwa na watu wengi kuliko wanaozisoma. Na neno “kukata tamaa,” ambalo wahakiki walimwandikia kwenye paji la uso tangu alipokuwa kijana, halijafutwa wala halijathibitishwa. Kumlilia mtu wa namna hii kwa majina makubwa ni kumzika mara mbili.

Alizaliwa mwaka 1944 katika kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe, ndani ya Ziwa Viktoria. Alisoma seminari ya Nyegezi, karibu na Mwanza, kisha akaingia chuo kikuu Dar es Salaam na kumaliza shahada yake ya kwanza mwaka 1970. Mambo haya yaelezwa kwa ufupi kila mahali, lakini aghalabu hayapewi uzito wake. Mtu wa Ukerewe huzaliwa katika Kikerewe. Kiswahili alikipata kama wengi wa bara walivyokipata, kwa shule, kwa safari na kwa vitabu. Hakukulia penye baraza ambapo wazee hujibizana kwa beti, wala hakusikia utenzi ukighaniwa nyumbani kwao usiku. Alipoanza kutunga, kwa hiyo, hakuwa na deni la urithi ambalo mtoto wa Mombasa, wa Lamu au wa Tanga huwa nalo. Baadhi ya watu waliliona jambo hili kuwa upungufu. Yamkini lilikuwa ndilo lililompa uhuru.

Kitabu chake cha kwanza, Rosa Mistika, kilitoka mwaka 1971, na kwa muda kilizuiwa kusomwa mashuleni. Jina lake ni jina la sifa la Bikira Maria katika litania ya Wakatoliki, na mtunzi alimpa msichana ambaye babake, Zakaria, ni mlevi na mkali, na ambaye akiisha kutoka katika ukali huo hana silaha ya kujilindia duniani. Hoja ya kitabu ni nyepesi kuieleza: kumfungia mtoto ndani hakumfundishi kutembea. Ugumu wake ni kwamba mtunzi hakumsamehe ye yote. Hakumsamehe baba, hakuwasamehe walimu, hakuwasamehe wanaume waliomtumia Rosa, wala hakumwacha Rosa mwenyewe bila lawama. Mwisho wa riwaya baba na binti wanasimama kuhukumiwa mbele ya Mungu, kila mmoja akimshitaki mwenziwe. Ni kweli kwamba kitabu kina ubichi. Mtunzi huingilia kati pasipohitajika, akamweleza msomaji lile ambalo msomaji amekwisha kuliona kwa macho yake. Hata hivyo, waliokifungia kabatini walikosea kipimo. Waliogopa mambo ya mwili yaliyomo, na kitabu chenyewe kilikuwa kinazungumza juu ya malezi.

Sasa na itazamwe pasua iliyosemwa. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alitoa kitabu chake cha Sheria za Kutunga Mashairi, na kwa muda wa miaka ishirini kitabu hicho kilikuwa kwa watunzi wengi kama mizani ya sokoni: kila utungo uliwekwa juu yake, na uliopungua ulirudishwa. Utungo uliokosa vina au mizani uliitwa guni, na guni ni aibu ya mtunzi. Mwaka 1974 Kezilahabi akatoa Kichomi. Ndani yake mlikuwa na tungo ambazo hazikupungua mizani kwa bahati mbaya; zilikataa kupimwa. Katika utangulizi wake alieleza kwamba alitaka kuuleta ushairi karibu na lugha ambayo watu huitumia katika mazungumzo ya kila siku. Hakuwa peke yake, kwa maana Ebrahim Hussein alikuwa amekwisha kuijaribu njia hiyo, na Kahigi na Mulokozi walifuata na Malenga wa Bara mwaka 1976. Lakini yeye ndiye aliyelengwa na mishale mingi.

Waliompinga walimtupia methali: mwacha asili ni mtumwa. Waliomtetea walijibu kwamba nyimbo za makabila ya bara ni za zamani kuliko vina, na kwamba asili haina mlango mmoja. Majibizano haya yaliendelea miaka na miaka, na mengi yake hayakuwa na faida, kwa sababu kila upande uliacha hoja yake iliyo bora ukashika iliyo dhaifu. Hoja dhaifu ya wazee ilikuwa sheria. Sheria ya utungaji ni habari ya namna watu walivyotunga hata leo; haiwezi kumwamuru atakayetunga kesho. Hoja yao bora ilikuwa sauti. Shairi la Kiswahili ni wimbo. Mwenye sauti hulichukua akalighani, na asiyejua kusoma hulishika moyoni kwa sababu kina humkumbusha neno lijalo. Ukiondoa vina na mizani, umemwondolea mtu huyo kamba aliyokuwa akishika. Vijana hawakuijibu hoja hii sawasawa. Wao nao walikuwa na hoja dhaifu, kwamba vina ni vya kigeni, jambo ambalo Ibrahim Noor Shariff alilipinga kwa nguvu katika Tungo Zetu mwaka 1988, na walikuwa na hoja bora, kwamba mtu mwenye jambo la kusema asilazimishwe kusema jingine ili kina kitimie. Kila aliyewahi kusoma magazeti ya zamani anajua ni mashairi mangapi ambayo ubeti wa pili umeletwa na kina tu, mtunzi akiwa amekwisha kumaliza maneno yake katika ubeti wa kwanza.

Kezilahabi mwenyewe alitunga vipi? Hapa ndipo sifa za marehemu zinapokataa kusema kitu. Kichomi si kitabu cha kiwango kimoja. Zimo tungo, kama vile “Namagondo” na “Upepo wa Wakati,” ambazo mstari umevunjwa mahali pumzi inapovunjika, na picha moja inazaa nyingine hata msomaji hakumbuki kutafuta kina. Zimo pia tungo ambazo zikiandikwa kwa mstari mrefu kama barua hazipotezi cho chote, na utungo usiopoteza cho chote ukiandikwa kama barua basi ulikuwa barua. Miaka kumi na minne baadaye, katika Karibu Ndani (1988), kitabu chembamba kisicho na neno la ziada, alikuwa amejifunza. Alikuwa ameona kwamba aliyetupa kamba ya vina lazima atafute kamba nyingine, naye akaiokota katika mambo ya zamani kuliko shairi la mwambao: katika kitendawili, katika hadithi ya mzee, katika wimbo wa jando na unyago. Hapo ndipo alipowajibu wazee hoja yao ya sauti, tena bila ya kubishana. Bahati mbaya wafuasi wake wengi walijifunza kwa Kichomi, wala hawakujifunza kwa Karibu Ndani. Walidhani kwamba uhuru ni kukata mistari. Kama yako makosa ya kumhesabia mwalimu huyu, hili huenda likawamo: mlango alioufungua ulipitiwa na watu ambao hawakuwa wamekaa sebuleni kwanza.

Yeye alikuwa amekaa. Mwaka 1976, miaka miwili baada ya Kichomi, alitoa tasnifu ya shahada ya pili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mada aliyoichagua ilikuwa Shaaban Robert na riwaya zake. Jambo hili halitajwi vya kutosha. Mtu aliyeshitakiwa kwamba ameacha asili alikuwa usiku akimsoma mzee wa Tanga, aliyefariki mwaka 1962, kwa uangalifu ambao washitaki wengi hawakuwa nao. Na alama za usomaji huo zimo katika riwaya zake, hata pale anapokwenda kinyume.

Twaa majina. Katika vitabu vya Shaaban Robert mtu ni jina lake: Karama ana karama, Majivuno ana majivuno, Utubora ni utu bora unaolima shamba, Hasidi ni hasidi. Msomaji akiisha kusikia jina ameisha kumjua mtu. Kezilahabi, ambaye aliandika juu ya watu walio na damu na uchafu wao, angedhaniwa kuwa ameitupa desturi hii. Hakuitupa, aliipindua. Katika Kichwamaji (1974) mhusika mkuu anaitwa Kazimoto, na kazi yake kubwa ni kufikiri hata achoke. Katika Dunia Uwanja wa Fujo (1975) mtu aitwaye Tumaini anaishia kwenye kitanzi. Katika Gamba la Nyoka (1979) vijana wawili wasomi wanaitwa Mambosasa na Mamboleo, majina mawili ya maana moja, nao wanarudi kijijini na siasa ya ujamaa, wakati jina la kitabu lenyewe linamkumbusha msomaji kwamba nyoka akivua gamba hubaki nyoka. Shaaban Robert alimpa mtu jina ili lisitirike lililo jema ndani yake. Kezilahabi alimpa mtu jina kisha akalitazama likishindwa. Hii si kazi ya mtu asiyemjua mzee wake. Ni kazi ya mwanafunzi aliyesoma somo hata mwisho akauliza swali ambalo mwalimu hakulitazamia.

Katika hilo ndimo ilimozaliwa shutuma ya kukata tamaa. Wahakiki walihesabu maiti: Rosa amejiua, Kazimoto amejiua, Tumaini amenyongwa. Nchi ilikuwa katika miaka ya Azimio la Arusha la 1967, watu wanahamia vijijini, na mwandishi alitazamiwa kupiga ngoma ya safari. Yeye aliandika juu ya wale walioanguka njiani. Shutuma hiyo ina ukweli kidogo. Katika Kichwamaji, ambacho ndicho kitabu chake chenye nguvu kuliko vyote vya miaka hiyo, mtoto mwenye kichwa kikubwa anayezaliwa mwishoni ameletwa na fikira ya mtunzi zaidi ya kuletwa na maisha ya watu wake. Mtunzi alitaka mfano, akaupata kwa nguvu. Lakini anayesema kwamba kitabu chote ni giza hajakisoma kwa haki. Kazimoto ni mwanafunzi wa chuo kikuu. Anarudi kwao kisiwani wakati wa likizo na hawezi kuzungumza na babake. Elimu imempa maneno ya kutilia shaka kila kitu, haikumpa hata neno moja la kumfariji mama. Manase naye, msomi mwenziwe, amepewa cheo cha mkuu wa wilaya, na cheo hicho kimekuwa kwake njia ya kuharibu mabinti wa watu.

Msomaji na afikiri ilikuwaje kwa kijana aliyeketi mbele ya mwalimu wa namna hii. Kijana ametoka kijijini, ada imelipwa na serikali ya watu maskini, jamaa wanamngoja arudi bwana mkubwa. Mwalimu wake hamwambii kwamba elimu ni taa. Amekwisha kuandika, kwa uwazi usio na huruma, kwamba elimu yaweza kumtoa mtu kwao isimfikishe po pote. Maneno hayo hayakuandikwa na adui wa elimu. Yaliandikwa na mwana wa kijiji aliyepita njia ile ile, akabaki chuoni kufundisha wanaoipita. Ikiwa wanafunzi walimpenda, basi na isemwe walipendea nini. Walimpenda mtu ambaye hakuwadanganya juu ya bei.

Wala hakuwadanganya wakubwa. Tamthilia ya Kaptula la Marx aliiandika mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati ambapo siasa aliyoichekesha ilikuwa bado na nguvu, na haikuchapishwa kuwa kitabu hata mwaka 1999, wakati ambapo kila mtu alikuwa na ruhusa ya kuicheka. Kaptula kubwa ya mtu mwingine haivaliki kwa kuikaza mkanda: ndiyo dhihaka yote. Kwa ufundi wa jukwaa mchezo huo haufikii riwaya zake, na hapana haja ya kujidai kwamba unafikia.

Zimebaki riwaya mbili za mwisho, na hizo ndizo zinazomtia mhakiki katika mtihani. Kezilahabi alikwenda Marekani, na mwaka 1985 alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, kwa tasnifu juu ya falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Aliporudi alitoa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991. Hapana tena kijiji chenye jina, hapana mwaka, hapana mkuu wa wilaya. Yuko msafiri anayetafuta. Uko mji wa ukimya. Wako wenye majina makubwa ya falsafa ya Ulaya wakizungumza kama watu wanaoishi. Yuko paa anayetafutwa, ambaye hashikwi. Sifa ambayo hutolewa juu ya vitabu hivi ni kwamba ni vigumu. Hiyo ni sifa ya mtu aliyesoma kurasa kumi. Ugumu wenyewe hautokani na maneno, kwa maana maneno ya Nagona ni mepesi kuliko ya gazeti. Unatokana na kwamba msomaji amezoea kushikwa mkono, na hapa ameachwa.

Je, vimefaulu? Nagona imefaulu zaidi. Utafutaji wake una pumzi, na kuna kurasa ambazo ukimya unasikika. Penye upungufu ni kwa wale wanafalsafa: wengine wameingia kama wageni ambao hawakupewa kiti, wanasema neno lao, wanatoka, na msomaji asiyewajua hupoteza, hali msomaji anayewajua hapati zaidi ya kuwatambua. Mzingile una uchungu mwingi wa kweli, lakini mara nyingine jina la kitabu linakuwa habari ya kusomwa kwake. Hata hivyo, ni vitabu hivi vinavyojibu shutuma ya kale. Aliyekata tamaa hatafuti. Mtu aliyemwua Rosa, Kazimoto na Tumaini hapa amemwacha msafiri wake akiendelea na njia, na hilo ni badiliko ambalo wahesabu maiti hawakuliandika katika daftari lao.

Iko na habari ya lugha. Tasnifu yake ya udaktari aliiandika kwa Kiingereza, kama ilivyompasa. Riwaya zake zote, mashairi yake yote na tamthilia yake viliandikwa kwa Kiswahili, ikiwa ni pamoja na hizi mbili ambazo kwa Kiingereza zingemletea wasomaji wa vyuo vya nchi nyingi. Bei ya uamuzi huo aliilipa. Mkusanyo wa mashairi yake katika tafsiri ya Kiingereza ulitoka Marekani mwaka 2015, yaani miaka arobaini na mmoja baada ya Kichomi, na Rosa Mistika ilitoka kwa lugha hiyo mwaka 2025, mtunzi wake akiwa amekwisha kufa. Katikati ya miaka ya 1990 alihamia Botswana, mbali na wasomaji wake, katika nchi ambayo sokoni watu huzungumza Kitswana. Na kutoka huko alileta tena mashairi kwa Kiswahili, Dhifa, mwaka 2008. Mtu aliyeambiwa kwamba ameacha asili alikaa ugenini akiitunza.

Yuko mtu mahali fulani, pengine mwalimu wa shule, ambaye aliposikia tanzia mwaka ule wa 2020 alichukua kalamu akatunga beti kumi za maombolezo, mizani nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho vimetimia, kituo kimoja toka mwanzo hata mwisho. Hakutenda kosa. Kezilahabi hakuamuru vina vichomwe. Alisema tu kwamba visiwe lango pekee. Mwalimu huyo na aimalize kazi yake, aipeleke gazetini, kisha atafute Nagona. Hakifiki kurasa mia, na mtu aweza kukimaliza kabla matanga hayajaanuliwa.